Chuma katika Uwanja wa Dominique

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, Inspekta Constantin Kipili alivua mkanda, saa ya mkononi na viatu, akatoa funguo na sarafu mfukoni, akaviweka vyote katika kikapu barazani. Fundi wa umeme Étienne Musompo alimzunguka na kumkagua kama mlinzi wa lango la kiwanda.

“Na meno?” akauliza. “Kama uko na jino ya dhahabu, chef, leo utafunga kinywa.”

Kipili hakuwa na jino la dhahabu. Alikuwa na muda wa saa nne na nusu. Saa sita mchana lori la jandarmeri, jeshi la Katanga, lingeondoka Likasi kwenda Élisabethville likiwa na Dominique Kalonda, mpima mizani wa machimbo ya chokaa kwenye barabara ya Kakontwe. Alishtakiwa kuficha bunduki katika uwanja wa nyumba yake. Katika Katanga ya Machi 1962, iliyokuwa imejitenga na Kongo, mtu mwenye asili ya Kasai kama yeye aliyepelekwa mbele ya mwendesha mashtaka wa jeshi kwa kosa la bunduki hakurudi nyumbani kwa majuma. Wengine hawakurudi.

Augustin, mwenye cheo cha ajida katika jandarmeri, alikuwa tayari kuufukua uwanja mzima kwa majembe kumi. Kipili alikuwa amemwomba asifanye hivyo. Jembe, alimweleza, hujibu swali moja tu: kitu kipo au hakipo. Yeye alitaka kujua pia kiliwekwa lini, na jibu hilo liko kwenye udongo, mradi udongo haujavurugwa. Ajida alimpa muda hadi saa sita. Aliongeza kwamba hati ya upekuzi ni lazima ieleze alichosikia ofisa mwenyewe kwa masikio yake kwenye mashine ya kutafutia chuma. Neno la fundi wa umeme lisingetosha.

Ndiyo maana Inspekta alikuwa pekupeku katika uwanja wa Étienne, amevaa visikizio vizito masikioni, anajifunza.

Étienne alikuwa fundi wa nyaya za umeme utokao bwawa la Koni. Mashine aliipata Julai 1960, siku ambayo Mbelgiji mmoja jirani ya karakana alifunga nyumba yake na kumwachia kila kilichokuwa barazani. Ilikuwa mashine ya jeshi ya kutafutia mabomu ya ardhini: sahani ya mviringo kwenye ncha ya mpini mrefu, waya, na sanduku la betri na taa za redio la kuning’iniza begani. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda nayo mahali ambapo watu wa zamani waliyeyusha shaba. Alikwisha kupata jembe la kale, vifungo vya sare, maganda ya risasi za vita vya Septemba, na msalaba mdogo wa shaba alioutundika juu ya kitanda chake. Mkewe alikuwa na maoni yake kuhusu Jumapili hizo, na alikuwa ameyatoa kwa Inspekta alipokuwa akimpa kahawa.

Somo lilianza na sauti. Mashine ilikuwa na mlio wake wa kawaida, mwembamba kama wa mbu, na kitufe cha kuupunguza mpaka ubaki kidogo tu. Ukiuzima kabisa, Étienne alisema, na chuma kidogo kitapita usikisikie. Kisha akaonya kuhusu udongo. Udongo wa Likasi wenyewe una shaba na chuma ndani yake, kwa hiyo kila mahali papya ni lazima mashine ifundishwe upya: sahani ishushwe, kitufe kizungushwe, mlio utulie, ndipo kazi ianze.

Kipili alianza kutembea. Alirusha sahani kushoto na kulia, na kila mwisho wa mkono ikapaa hewani.

“Apana, chef. Haukate majani. Hii si coupe-coupe,” Étienne alisema. “Fanya sawa vile unapanguza meza. Kidogo-kidogo, na sahani isiachane na udongo.”

Alipanguza meza. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye mstari wa tatu mlio ulipanda ghafla, mkali, ukamchoma sikioni hata akarudi nyuma hatua moja. Akapitisha tena. Ukapanda tena, mahali pale pale. Akapitisha kwa kukingama na mstari huo, na pale sauti mbili zilipokutana akaweka kidole gumba cha mguu. Kwa mwiko wa mwashi akachimba kiasi cha upana wa viganja viwili, akatoa kifuniko cha chupa ya bia kilichooza kwa kutu.

Alikishika kwenye mwanga kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili. Kisha akasema waendelee.

Katika saa moja alipata misumari sita, kijiko, kipande cha bomba na sarafu moja ya zamani ya Wabelgiji ambayo Étienne alikuwa ameizika mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Sarafu haikusikika mpaka Étienne alipobadilisha sahani. Hiyo ya pili ilikuwa ndogo, upana wa kisosi. Alikuwa ameisuka mwenyewe kwa waya wa shaba. Sahani kubwa husikia mbali lakini husikia vitu vikubwa. Sahani ndogo haifiki mbali, lakini hata pete inaisikia. Inspekta aliuliza maswali kumi na manne na kuandika majibu yote kwenye daftari lake. Swali la kumi na tano, ambalo hakuliandika, lilikuwa kama Étienne angehitaji mtu wa kumbebea betri Jumapili.

Saa tatu walikuwa kwa Dominique.

Nyumba ilikuwa ya pembeni katika kambi ya wafanyakazi, ukubwa wa vyumba viwili, na uwanja mpana kuliko wa jirani yeyote. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Alama za ufagio wa njiti zilionekana wazi, zote zikianzia mlangoni kuelekea kwenye ua. Dominique aliketi kwenye ngazi ya jikoni akiwa na pingu mikononi, maana sheria ilidai mwenye nyumba awepo. Mkewe, Émérence, alisimama nyuma yake, ameshika bega lake. Ajida Augustin alikaa kwenye kiti kilicholetwa kutoka ndani, akitazama saa.

Kabla ya chochote, Kipili alimwita shahidi.

Alexis Kapya alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa kikosi cha wavunja mawe na jirani wa ua mmoja. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alirudia aliyowaeleza majandarme siku mbili zilizopita: mwezi wa Agosti 1960, mdogo wake Dominique alikuja kutoka Kasai na kitu kirefu kilichofungwa. Alfajiri ndugu hao wawili walichimba na kukizika, mahali fulani kati ya jikoni na choo. Yeye aliwaona kupitia ua. Siku iliyofuata mdogo mtu aliondoka na hakuonekana tena.

Inspekta aliuliza kwa nini hakusema mapema. Kapya alijibu kwamba aliogopa. Inspekta aliuliza kama tangu Agosti ile amewahi kuona mtu akichimba tena pale.

“Hata siku moja,” Kapya akasema. “Dirisha yangu inaangalia pale, chef. Minaamuka, minaona. Minarudi ku kazi, minaona. Jembe haikugusa ile fasi. Kile kintu iko sawa vile balikiweka.”

“Na una hakika ni Agosti ya mwaka ule?”

“Sawa vile minajua jina yangu.”

Kipili aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsomea, akampa kalamu. Kapya akatia sahihi kwa madaha. Dominique alicheka kidogo bila furaha.

“Mudogo yangu alileta mufuko ya mihogo na muguu ya kuvimba,” alisema. “Hata kushika jembe hakuweza. Kapita, weye mwenyewe ulikuya kula ile mihogo.”

Ajida alimwamuru anyamaze.

Étienne alileta kikapu chake. Kila mtu ambaye angeingia uwanjani, alisema, aache chuma chake chote humo. Majandarme wawili walilalamika kuhusu viatu vyao. Ajida alitoa bastola, saa, mkanda, nishani, na faranga zilizokuwa mfukoni, akaviweka mwenyewe juu ya kiti. Dominique na pingu zake walisogezwa hadi barazani, hatua kumi na mbili. Kapya aliambiwa asimame nje ya ua. Kisha Kipili na Étienne walinyoosha kamba za katani kukingama uwanja, moja baada ya nyingine kutoka jikoni hadi chooni, wakaugawa uwanja katika vipande kumi, kila kimoja upana wa mita moja.

Inspekta alivaa visikizio. Akashusha sahani, akazungusha kitufe, akangoja mlio utulie.

Kipande cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili, hakuna. Étienne alimwambia kwamba uwanja unaofagiliwa kila asubuhi ndio raha ya mtu wa mashine: misumari na vifuniko vyote vimeishia jalalani, kwa hiyo kinachobaki chini kina sababu ya kuwa chini. Kwenye kipande cha tatu mlio ulipanda kwa nguvu. Majandarme wakasogea. Kipili alichimba taratibu, kwa mwiko, akatoa jembe lisilo na mpini.

Émérence alilitambua. Lilikuwa limepotea tangu Pasaka ya mwaka jana, na kwa sababu yake alikuwa hasemezani na mama mmoja wa nyumba ya sita. Hata Ajida alitabasamu.

Cha nne, cha tano, cha sita: kimya. Saa ya Ajida, juu ya kiti, ilionyesha saa nne na dakika arobaini. Émérence alikuwa ameanza kuhesabu vipande vilivyobaki kwa sauti ya chini. Kama mashine ingefika ukuta wa choo bila kulia tena, mumewe angelala nyumbani.

Katikati ya kipande cha saba, sauti ilikuja.

Haikuwa kama za awali. Ilipanda, ikabaki juu, ikaendelea kubaki juu kadiri sahani ilivyosonga. Kipili aliifuata. Ilikatika baada ya zaidi ya mita moja. Akarudi nyuma, akaifuata tena, kisha akaikata kwa upana: nyembamba, viganja viwili tu. Étienne alichomeka vijiti mahali ambapo mlio ulianza na ulipoishia. Vijiti vilipokamilika, umbo lilikuwa wazi kwa kila mtu aliyewahi kuona bunduki.

Inspekta alimpa Étienne visikizio. Étienne alisikiliza, akavivua, akamrudishia. Émérence aliketi chini barazani, miguu imenyooka. Dominique alikuwa akitazama vile vijiti kama mtu anayesoma jina lake kwenye msalaba wa kaburi.

“Majembe,” Ajida aliwaambia watu wake.

Kipili alisimama kati ya majembe na vijiti. Alikumbusha kwamba saa sita haijafika. Akapiga magoti, akaanza na mwiko, akitoa udongo tabaka kwa tabaka na kuuweka juu ya gunia. Kwa kina cha kiwiko akafika kwenye karatasi ngumu: mifuko ya saruji iliyofungwa kwa kamba. Aliuinua mzigo kwa mikono miwili bila kuuburuta, akauweka kwenye meza, akaufungua upande wa juu. Bunduki ya jeshi, iliyopakwa mafuta, kutu kidogo tu kwenye kifyatulio. Alinakili namba yake.

Ajida alivaa mkanda. Alisema, bila ubaya, kwamba Inspekta amefanya kazi safi na kwamba hati sasa inaweza kuandikwa kwa mistari mitatu.

“Bado,” Étienne alisema.

Ajida akamtazama fundi wa umeme kwa mshangao. Étienne alijikwaa kwenye maneno, kisha akaeleza, akimwelekea Inspekta, kwamba chuma kikubwa kinapiga kelele hata kinafunika sauti ya kidogo. Yeye akishatoa kitu, hupitisha mashine tena shimoni. Msalaba wake wa shaba aliupata hivyo, chini ya jembe.

Kipili alikuwa tayari anafungua skrubu za sahani kubwa.

Alilala kifudifudi, sahani ndogo ikiingia shimoni kwa mkono wake wenyewe. Akazungusha kitufe. Mlio ulitulia. Alipanguza upande wa jikoni: kitu hakuna. Akapanguza katikati. Kulikuwa na kitu, au alidhani kipo. Sauti ndogo, fupi, kama mtu anayevuta pumzi. Aliinua mkono kuzuia watu wasisogee. Akapanguza tena. Ilikuwepo. Akasogeza upana wa kidole, ikafa, akarudi, ikafufuka.

“Iko,” alisema, na Étienne aliyekuwa amemwinamia akacheka kwa sauti kama mtoto.

Hakuchimba. Alisimama kwanza, akaenda mezani, akaugeuza ule mzigo wa karatasi chini juu. Kwenye karatasi ya chini, iliyokuwa imelowa na kukauka, palikuwa na alama ya duara iliyobonyea, kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Alimwita Ajida aje aione na kuipima kwa rula. Ndipo akarudi shimoni, akafukunyua kwa ncha ya kisu cha mbao, akatoa sarafu. Aliisuuza kwa maji ya kopo, akaiweka kwenye kiganja cha Ajida.

Upande mmoja, shada la ndizi. Upande wa pili, msalaba wa Katanga. Faranga tano.

“Soma mwaka,” Kipili alisema.

Ajida Augustin alisoma mwaka. Akausoma tena kwa sauti: elfu moja mia tisa sitini na moja.

Alikuwa askari mwenye akili na hakupenda kuharakishwa. Aliuliza kama sarafu haikuweza kudondoka leo. Kipili alionyesha kikapu, na kiti ambacho Ajida mwenyewe alikuwa ameweka faranga zake. Ajida aliuliza kama haikuweza kuzama kutoka juu kwa mvua. Kipili alionyesha alama kwenye karatasi: sarafu ilikuwa chini ya bunduki, imelaliwa nayo tangu mwanzo. Mtu aliyeinama kuilaza bunduki shimoni aliidondosha, pengine kutoka mfuko wa shati, kisha akaweka mzigo juu yake. Agosti 1960 sarafu hiyo haikuwa imetengenezwa. Hata Katanga yenyewe kama nchi ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu.

“Basi balifukula, bakarudisha,” Alexis Kapya alisema kutoka upande wa pili wa ua. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kipili alifungua daftari na kumsomea maneno aliyoyatia sahihi: jembe halikugusa mahali pale, kitu kiko kama kilivyowekwa. Akamweleza kwa utulivu kwamba kuna njia mbili tu za kujua kuwa bunduki ipo chini ya uwanja wa mtu mwingine. Ya kwanza ni kuona ikizikwa, na yeye hangeweza kuona mwaka 1960 jambo lililofanyika baadaye. Ya pili hakuitaja. Badala yake alimgeukia Émérence, akamuuliza kama tangu sarafu hizi zianze kutumika nyumba hii imewahi kukaa bila mtu.

Mara moja, alijibu. Desemba, walipokwenda Kapolowe kumzika shangazi yake, siku nne. Ufunguo waliuacha kwa jirani, kama watu wafanyavyo. Kisha uso wake ukabadilika. Alisimama.

“Nilirudi, nikakuta uwanja imefagiliwa,” alisema. “Ikafagiliwa vibaya. Minye ninaanza ku mlango, ninaenda ku lupango. Ile ilikuwa inazunguka-zunguka tu, sawa vile muntu hajashika ufagio hata siku moja. Nikasema, Berthe, bibi ya Kapita, ni muzuri, alinisaidia. Nikaenda kumushukuru.” Alimwelekea Kapya. “Bibi yako akashangaa. Akasema, minye? Minye nilikuwa Mwadingusha kwa mama yangu yuma yote. Tukacheka, Kapita. Tulicheka sana. Tukasema, basi ni bwana yako alifagia.”

Majandarme wawili walicheka, kwa sababu wazo la kapita kushika ufagio wa njiti katika uwanja wa mke wa mtu lilikuwa jambo la kuchekesha. Kisha wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine.

Kipili aliuliza swali la mwisho: je, ni kweli kwamba Kapita aliandika mara mbili kuiomba nyumba hii ya pembeni, na mara zote mbili akajibiwa kwamba ina mtu? Barua hizo Inspekta alikuwa amezisoma jana katika ofisi ya kambi. Mkono wa Kapya ulipanda hadi mfuko wa shati lake, ukapapasa kifungo, ukashuka.

Ajida aliweka sarafu katika bahasha, akaandika tarehe, akatia sahihi na kumpa Inspekta naye atie. Saa sita kasoro dakika ishirini aliamuru lango la ua lifunguliwe na Alexis Kapya aingie. Ufunguo wa pingu za Dominique ulichelewa kupatikana. Ulikuwa ndani ya kikapu, chini ya viatu vyote.

Dominique alisugua vifundo vya mikono yake. Alitaka kumshukuru Inspekta, lakini Inspekta alikuwa amepiga magoti karibu na kipande cha nane, akimuuliza Étienne kama si vizuri kumaliza vitatu vilivyobaki, kwa ajili ya hati. Étienne alisema ni vizuri sana. Alikwenda kuchukua koleo ili kwanza alifukie lile shimo la bunduki.

Émérence alishika mpini wa koleo.

“Liache,” alisema. “Kwanza bantu ya kambi bapite, baone.”

Akaingia ndani, akatoka na viti viwili, akaviweka kando ya shimo, kimoja chake na kimoja cha mumewe, wakaketi mchana kweupe mbele ya kambi nzima.